Simu ilivumbuliwa mara moja, bili yake inavumbuliwa kila siku

Novemba 1886, watu wenye simu katika mji wa Rochester, jimbo la New York, waligoma. Hawakuandamana wala hawakuvunja vioo vya mtu. Waliacha tu kupiga, na simu zikabaki ukutani bila kazi. Kampuni ilikuwa imewatangazia kwamba mteja hatalipa tena kiasi kimoja kwa mwaka kisha azungumze mpaka achoke, bali kila simu atakayopiga itahesabiwa. Mgomo ulidumu karibu mwaka mmoja na nusu, hadi Mei 1888. Simu yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi na ushei, na tayari wateja walikuwa wameshajua ugomvi wake mkubwa uko wapi.

Naanza na mgomo huo kwa makusudi. Historia ya simu tuliyolishwa darasani ni orodha ya majina na vyombo: Bell na waya wake, Cooper na simu ya mkono, halafu kioo cha kugusa. Naona imeegemea upande mmoja mno. Ukichimba nyakati ambazo simu iligeuza maisha ya watu wengi, mara nyingi utakuta chombo kilikuwepo tangu zamani, kimekaa mikononi mwa wachache. Kilichokuja kubadilika ni jibu la swali la kibiashara kabisa: nani analipa, analipa lini, na analipia nini hasa.

Alexander Graham Bell nitampitia haraka. Alizaliwa Edinburgh, akawa mwalimu wa viziwi mjini Boston, akapewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye sauti yake ikapita kwenye waya kumwita msaidizi wake, Thomas Watson. Siku ileile aliyopeleka maombi yake, 14 Februari, Elisha Gray naye alikuwa amepeleka karatasi zake kwenye ofisi hiyohiyo. Mjerumani Philipp Reis alishaonyesha chombo cha kupitisha sauti mwaka 1861. Antonio Meucci, Muitaliano aliyeishi New York, aliweka taarifa ya uvumbuzi wake mwaka 1871, na mwaka 1874 ikafa kwa kuwa hakulipa ada ya dola 10 ya kuihuisha. Ubishi ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1888 upande wa Bell ukashinda kwa kura 4 dhidi ya 3. Ni ubishi mtamu, na kijiweni unaweza kumaliza jioni nzima. Lakini hata angeshinda Gray au Meucci, bado tusingejua kwa nini simu ilienea kwa namna ilivyoenea.

Kwa hilo inabidi tumwangalie mtu mwingine: Gardiner Greene Hubbard, wakili, aliyekuja kuwa baba mkwe wa Bell. Hubbard aliwahi kumfanyia kazi tajiri wa mashine za kushona viatu, Gordon McKay, ambaye hakuuza mashine zake. Alizikodisha kwa wenye viwanda, akawa anakula fungu lake katika kila jozi ya viatu iliyotoka. Hubbard akaona hapohapo: na simu isiuzwe. Tangazo la kampuni ya Bell la mwaka 1877 lilikodisha simu mbili za kuunganisha sehemu mbili kwa dola 20 kwa mwaka kama ni za mazungumzo ya kijamii, na dola 40 kama ni za biashara. Chombo kingekaa ukutani kwako miaka yote, na bado kisingekuwa chako.

Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ulikuwa na uzito kuliko hataza yenyewe. Hataza huisha muda, kodi haiishi. Novemba 1879 kampuni kubwa ya telegrafu, Western Union, iliyokuwa imeingia kwenye biashara ya simu ikiwa na vifaa vya Edison na Gray, ilikubali kujiondoa na kuikabidhi kampuni ya Bell mtandao wake wenye simu zipatazo 56,000. Ilipewa nini? Asilimia 20 ya kodi za simu kwa miaka 17. Hata mapatano ya amani yaliandikwa kwa lugha ya mwenye nyumba na mpangaji.

Mpangaji, kama ajuavyo kila aliyepanga, hapigi msumari ukutani bila ruhusa. Kampuni ya Bell, ambayo baadaye ikawa AT&T, ilikataza mteja kuunganisha kitu chochote kisicho chake kwenye simu yake. Kulikuwa na kidude kiitwacho Hush-A-Phone, kikombe tu cha kufunika sehemu ya kuzungumzia ili jirani asisikie maneno yako. Hakina umeme, hakina waya. AT&T ilikipinga mbele ya mamlaka ya mawasiliano, ikapewa haki, hadi mwaka 1956 mahakama ilipotengua uamuzi huo. Mwaka 1968 ndipo mamlaka yenyewe, katika shauri la kifaa cha Carterfone kilichounganisha redio na simu ya mezani, iliporuhusu vyombo vya watu wengine viunganishwe. Baada ya hapo soko la mashine za kupokea ujumbe, faksi na modemu zisizo za kampuni likafunguka. Wahandisi wa AT&T hawakuwa wavivu; ndio waliotengeneza transista, kile kijisehemu kilichozaa elektroniki za leo, mwaka 1947. Ila kwa nini kampuni ihangaike kubadilisha chombo sebuleni kwa mpangaji asiye na pa kuhamia?

Kwa kweli palikuwa na wakati ambapo wengine walijaribu kuhama. Hataza za Bell zilipokwisha mwaka 1893 na 1894, kampuni ndogo ndogo na vyama vya wakulima vilichipuka kote Marekani. Bell ilikuwa haijawajali watu wa mashamba; kuvuta waya maili nyingi kwa ajili ya nyumba tatu hakukulipa. Wakulima wakatumia walichokuwa nacho: seng'enge za uzio. Sauti ilisafiri kwenye waya uleule uliozuia ng'ombe. Nyumba zote kwenye mstari zilishiriki laini moja, kila nyumba ikiwa na mlio wake, labda mrefu mmoja na mifupi miwili, na mlio ukisikika kwa jirani, nusu ya kijiji inanyanyua simu kusikiliza. Faragha sifuri, bili karibu sifuri. Kufikia mwaka 1907 simu zilizokuwa nje ya mikono ya Bell zilikaribia nusu ya simu zote nchini humo. Tunaposema teknolojia "inashuka" kutoka kwa matajiri kwenda kwa maskini, tuwakumbuke hawa. Wao hawakungoja ishuke.

Halafu pakawa na miongo mingi ya simu kuwa bora na kubaki ghali. Mzika maiti wa Kansas City, Almon Strowger, alipata mwaka 1891 hataza ya mtambo uliounganisha simu bila opereta. Inasimuliwa kwamba alimshuku opereta kwa kuwapeleka wafiwa wake kwa mshindani. Mwaka 1927 ukiwa New York ungeweza kuzungumza na London kwa redio: dola 75 kwa dakika tatu. Mwaka 1956 ikalazwa kebo ya simu chini ya Atlantiki. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York na simu ya mkono, akampigia mshindani wake wa Bell Labs, maabara ya AT&T, kwa kejeli kidogo. Ilipofika dukani miaka kumi baadaye, simu ya aina hiyo iliuzwa dola 3,995.

Na huku kwetu? Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, Miko Rwayitare, alianzisha Telecel mjini Kinshasa, na wakubwa wa Zaire wakawa na simu za mkono wakati miji mingi ya Ulaya bado haijazizoea. Kenya ilianza mwaka 1992, na kifaa kimoja kilifika shilingi 250,000. Tanzania, Mobitel ilianza mwaka 1994. Chombo kilikuwepo basi, minara ilikuwepo. Matokeo yake? Kenya, hadi mwaka 1999, wateja wa simu za mkono hawakufika 20,000. Ilikuwa simu ya waziri, ya mfanyabiashara wa kupitisha makontena bandarini, na ya yule jamaa aliyeiweka mezani baa ili ionekane.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo, na yote mawili ni ya bili.

La kwanza ni kwamba anayepigiwa halipi. Tumelizoea hata hatulioni. Marekani hawakufuata utaratibu huo: mwenye simu ya mkono alikatwa pesa kwa kupiga na kwa kupokea pia, ndiyo maana kwa miaka mingi watu kule walificha namba zao za mkononi na kuzima simu kuokoa dakika. Ulaya na Afrika gharama ilibebwa na mpigaji. Maana yake ni kubwa: simu isiyo na hata senti moja bado ni simu. Mama aliyeko kijijini anapatikana na mwanawe aliyeko mjini, hata kama hajawahi kununua vocha maishani mwake.

La pili ni kulipa kabla. Ureno, kampuni ya TMN ilitoa huduma ya Mimo mwaka 1995, laini ya kujazwa pesa kwanza, na utaratibu huo ukaenea kama moto wa nyika. Hapa nina ugomvi kidogo na wanaousifu kama huruma kwa wenye kipato kidogo. Kampuni hazikutuhurumia. Zilikuwa hazituamini. Kumpelekea mtu ankara mwisho wa mwezi kunahitaji nyumba yenye namba, mtaa wenye jina, hati ya mshahara, akaunti ya benki. Na wengi wetu hatukuwa na kimojawapo. Vocha ya kukwangua iliondoa maswali yote hayo. Toa pesa, kwangua, ingiza namba, zungumza. Kutoaminiwa kwetu kukatufaa kuliko wengi walivyofaidi kuaminiwa kwao.

Bei nayo ikakatwa vipande vidogo. Kenya, mwaka 2000, Safaricom ilianza kutoza kwa sekunde wakati mshindani wake Kencell akitoza kwa dakika. Kwa mtu wa ofisini tofauti hiyo ni ya karani wa hesabu. Kwa anayetaka kusema "nimefika salama, usiku mwema" ni tofauti ya kupiga na kutopiga.

Hayo mawili yalipokutana, kupokea bure na salio dogo, watu wakavumbua kitu ambacho hakuna mhandisi aliyekichora: kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata kabla haijapokelewa. Bure kabisa. Kukawa na kanuni ambazo hazikuandikwa popote. Mdogo humbipu mkubwa, mwenye shida humbipu mwenye nacho; ukimtongoza binti kwa kubipu umejimaliza mwenyewe. Ndugu walipeana alama: moja nimefika, mbili nipigie, tatu kuna jambo. Wale wakulima wa seng'enge na milio yao mirefu na mifupi wangetuelewa mara moja. Na kila familia ilikuwa na mchokozi wake, yule mjomba aliyekaa kidole juu ya kitufe cha kijani, simu ikitoa mlio wa kwanza tu kaipokea, salio lako limeliwa, naye anacheka.

Mitambo ya kampuni ilielemewa na miito isiyo na pesa. Zingeweza kuitoza. Badala yake nyingi zilikubali yaishe na kutoa ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", kisha huduma za kukopa salio na kumrushia mwingine. Naona hapo kampuni zilisoma vizuri: mtu anayebipu ni mteja anayemtafutia kampuni mteja mwingine wa kulipa.

Salio lilipoanza kurushwa, likawa pesa. Hili lilifanyika Uganda, Kenya na Tanzania kabla ya programu yoyote kubuniwa. Kijana wa mjini ananunua vocha, anaikwangua, anampigia mwenye kibanda cha simu kule kijijini na kumsomea tarakimu moja moja. Mwenye kibanda anaingiza, anahakikisha imeingia, anakata chake, kinachobaki anampa bibi mkononi noti taslimu. Benki haikuhusika, fomu haikujazwa. Vodafone na Safaricom walipofanya majaribio yao mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo ya mikopo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakautumia mfumo kutumiana pesa wao kwa wao. Machi 2007 M-Pesa ilipoingia sokoni, ilikuwa imeacha mikopo pembeni na kushika kile ambacho watu walikuwa wakikifanya tayari kwa vocha. Waliofanya kazi hiyo ya uhandisi wanastahili sifa zao. Ila hadithi ya kwamba Afrika "ililetewa" pesa za simu naikataa. Iliuziwa desturi yake ikiwa imefungwa vizuri.

Serikali nazo zikaona pesa inapita wapi. Julai 2021 Tanzania iliweka tozo ya mshikamano kwenye miamala, na ndani ya wiki chache kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Miezi michache kabla, Aprili mwaka huohuo, bei mpya za vifurushi zilitangazwa na kusitishwa upesi baada ya watu kuja juu. Mawaziri wengi wamelaumiwa kwa mambo makubwa zaidi na hawakutikisika hivyo. Gusa bando, utasikia.

Na bando ndilo linalonileta kwenye hali ya sasa, ambayo sijairidhia. Simu janja imetuondolea hesabu ya sekunde. Tunatumiana sauti, picha na video za harusi nzima; kubipu kunakufa kimyakimya kwa sababu ujumbe wa WhatsApp umechukua nafasi yake. Lakini tumerudishiwa upangaji kwa mlango wa nyuma.  Sasa unanunua megabaiti zenye saa ya kufa: za saa moja, za siku, za wiki. Umeme umekatika mtaani tangu asubuhi, mnara umekosa nguvu, umerudi nyumbani saa nne usiku, na saa sita kamili unaletewa ujumbe wa upole kwamba kifurushi chako kimekwisha muda wake. Kilichokwisha ni muda. Data ilikuwepo.

Kampuni zina hoja, na si ya kipuuzi. Uwezo wa mnara hauwekwi ghalani; nafasi isiyotumika saa tisa usiku imepotea, na kumuuzia mtu kwa bei ya chini nafasi ya muda maalumu ni busara. Hoja hiyo nakubaliana nayo kwa kifurushi cha usiku cha bei ya kutupa. Kwa kifurushi cha wiki kilicholipiwa bei kamili inaanza kuchechemea. Safaricom ilianza kuuza vifurushi visivyo na ukomo Oktoba 2019, na mitambo haikuanguka. Ni ghali zaidi kwa megabaiti, sawa. Basi bei zote mbili ziwekwe pamoja kwenye menyu ileile, mnunuzi aone kwa shilingi kwamba ukomo wa siku saba unampunguzia kiasi gani, kisha achague mwenyewe. Leo kuilinganisha kunahitaji kikokotoo na subira.

Jambo la pili ni simu za mkopo, lipa mdogo mdogo. Unaondoka na simu janja kwa kianzio, unalipa kila siku, ukikosa siku kadhaa skrini inafungwa kutoka mbali. Zimewapatia simu watu ambao wasingezipata kwa pesa taslimu, na mkopeshaji ana haki ya kulindwa. Hubbard angeupenda sana mpango huu. Yeye alilazimika kumtuma fundi kuja kuing'oa simu ukutani. Tofauti ni kwamba simu ya mwaka 1877 ilikuwa ya kuzungumzia tu. Hii ya leo ndiyo duka la mtu, ndiyo pochi, ndiyo orodha ya wateja wake. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu, simu ikifungwa Jumatatu, hana kazi ya kumwezesha kulipa Jumanne.

Utaniambia atoe laini aiweke kwenye kitochi cha jirani. Wengi hufanya hivyo, na pesa zao wanazipata. Lakini programu ya abiria haiingii kwenye kitochi, wala mazungumzo na mteja aliyeagiza mzigo jana. Kanuni ninayoiona inafaa ni fupi: skrini ifungwe kwa burudani, iachwe wazi kwa kupiga, kupokea, pesa na programu moja ya kazi ambayo mkopaji ameitaja siku ya kusaini. Kiufundi si jambo gumu, maana programu inayoweza kufunga kila kitu inaweza pia kufunga baadhi. Mkopeshaji atakayekataa atupe hesabu zake tuzione: ni wateja wangapi waliofungiwa kila kitu walirudi kulipa, na ni wangapi waliitelekeza simu kwa fundi wa mtaani aifungue kwa bei ya chipsi mayai.